Uliza Ujibiwe: Marian Anderson na ukumbi wa Carnegie Hall

Toleo lililopita tuliweka picha ya Marian Anderson na mistari michache tu chini yake, kwamba alikuwa mwimbaji mweusi wa Marekani wa muziki wa klasiki, basi maswali yakaja mengi mno. Safu nzima ya leo nimempa yeye. Maswali yanayofanana nimeyaunganisha, majina nimeyatoa kama kawaida yetu.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi naimba alto kwaya ya kanisani na huyu mama nilishamsikia zamani, ila kila akitajwa habari ni ileile, ukumbi wa Washington ulimkataa sababu ni mweusi, akaenda kuimba nje kwenye ngazi za Lincoln Memorial, lile jengo la kumkumbuka Rais Lincoln, imeisha hiyo. Hivi hakuwa na ukumbi hata mmoja uliompokea akawa kama mwenyeji?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Alikuwa nao, na kwa maoni yangu habari yake ingepaswa kuanzia huko, maana siku moja ya kukataliwa imekuja kufunika miaka karibu arobaini ya kazi. Ukumbi wenyewe ni Carnegie Hall, New York, pale kona ya 57th Street na Seventh Avenue. Onyesho lake la kwanza la peke yake pale lilikuwa Desemba 30, 1928, na la kuwaaga mashabiki lilikuwa hapohapo, Aprili 18, 1965. Katikati hapo karudi na kurudi, msimu hadi msimu, mpaka watu wa New York wakawa wanamsubiri.

Sasa ujue katokea wapi. Kazaliwa Philadelphia, Februari 27, 1897, baba yake kafariki Marian akiwa bado mtoto, mama yake Anna akawa anafua nguo za watu na kufanya usafi dukani ili wanawe watatu wa kike wale. Kanisa lao la Union Baptist ndo lililomkuza, kwenye kwaya alikuwa anaweza kuimba sauti yoyote inayokosa mtu, na alipotaka mwalimu wa kweli waumini walichanga hela wakamlipia. Kuna shule ya muziki mjini kwao alienda kuomba nafasi akaambiwa hapohapo dirishani kwamba watu weusi hawachukuliwi, na alikuwa msichana tu. Baadaye akampata mwalimu Giuseppe Boghetti aliyemnyoosha vizuri.

Na usidhani New York ilimpokea kwa makofi siku ya kwanza. Mwaka 1924 alikodi Town Hall, ukumbi mdogo kuliko Carnegie, viti kama 1,500, watu wakaja wachache, wachambuzi wa magazeti wakamsema vibaya, hasa Kijerumani chake kwenye nyimbo za mtunzi Brahms. Aliumia kiasi cha kutaka kuacha kuimba kabisa. Mwaka uliofuata akashinda mashindano yenye waimbaji kama 300, zawadi ikiwa kuimba na orkestra ya New York Philharmonic kwenye uwanja wa Lewisohn, Agosti 1925. Hapo ndo jina likaanza kutembea, na 1928 akapanda jukwaa la Carnegie.

Halafu akaondoka! Hiki kipande watu wengi wanakiruka. Baada ya ile 1928 kazi nyumbani haikusogea alivyotarajia, mialiko ilikuwa ni makanisa yaleyale na vyuo vilevile vya watu weusi, kwa hiyo akaenda Ulaya kukaa, Ujerumani kujifunza lugha aliyochekewa, kisha Norway, Sweden, Denmark, Finland, huko wakampenda kupita kiasi, mtunzi Jean Sibelius alimkaribisha nyumbani kwake na kumwambia dari la nyumba yake ni fupi mno kwa sauti yake. Mwaka 1935 mjini Salzburg kondakta, yaani kiongozi wa orkestra, Arturo Toscanini akasema sauti kama ile mtu huisikia mara moja katika miaka mia. Mwaka huohuo akiwa melini kurudi nyumbani akaanguka, akavunjika kifundo cha mguu, na Desemba 30, 1935, miaka saba kamili tangu ile ya Carnegie, akaimba Town Hall mguu ukiwa na plasta chini ya gauni refu, ameegemea piano. Safari hii magazeti yalimsifu, na mwanzoni mwa 1936 akawa amerudi Carnegie Hall. Toka hapo hawakuachana tena.

SWALI: Mambo dada. Nimesoma mahali kwamba Marian ndo mtu mweusi wa kwanza kuimba Carnegie Hall, ni kweli? Na swali la pili, mbona Carnegie waliruhusu na Washington wakagoma, wazungu si walewale?

JIBU: Poa. Hapana, siyo wa kwanza, na hapa inabidi nimtaje mtu ambaye wengi hawamjui kabisa na inaniuma kila nikimkumbuka. Anaitwa Sissieretta Jones, soprano, yeye kaimba ndani ya jengo hilo Juni 15, 1892, jengo halijamaliza hata miaka miwili tangu lifunguliwe, wakati huo bado likiitwa Music Hall. Marian alikuwa hajazaliwa. Huyu Sissieretta aliimbia marais Ikulu ya Marekani, aliimba nje ya nchi, lakini opera, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa, hakuna aliyempa nafasi, ikabidi toka 1896 azunguke na kundi la maonyesho ya vichekesho, ngoma na sarakasi, yeye akipewa kipande cha mwisho cha kuimba opera alivyotaka. Alifariki 1933 hana kitu. Mwanamke mwenye sauti ile!

Wengine pia walipita. Mei 2, 1912, James Reese Europe alipeleka pale orkestra ya Clef Club, wanamuziki weusi zaidi ya mia, wana magitaa, banjo na mandolini, wakapiga muziki wao wenyewe mbele ya weusi na weupe. Halafu kuna Roland Hayes, tenori, mtoto wa watu waliokuwa watumwa Georgia, ambaye mwaka 1917 alikodi mwenyewe Symphony Hall ya Boston kwa akiba yake, ukumbi wa viti zaidi ya 2,600, akaujaza. Hayes alikuwa anakuja kuimba kanisani kwa kina Marian na ndo aliyewaambia wazee wa pale huyu binti apewe mwalimu. Kwa hiyo Marian alipita njia iliyokwisha kufyekwa na wenzake, yeye akaipanua.

Swali la pili ni zuri sana na jibu lake watu wengi hawalipendi kwa sababu halina malaika. Carnegie Hall toka mwanzo ilikuwa ukumbi wa kukodisha. Una hela, tarehe ipo wazi, unaingia. Wanasiasa wamehutubia pale, akina mama waliodai haki ya kupiga kura, mwalimu mweusi Booker T. Washington na mwandishi Mark Twain walisimama pale 1906 kukichangia Tuskegee, chuo cha watu weusi. Hata mwimbaji mweusi Paul Robeson, baada ya serikali kumnyima pasipoti miaka nane na kumbi nyingi kumfungia kwa ajili ya siasa zake, Mei 1958 alirudi jukwaani palepale Carnegie. Na jimbo la New York lilikuwa na sheria toka 1895 inayokataza ubaguzi kwenye sehemu za umma, kumbi za burudani zikiwemo, ingawa sheria kuwepo na sheria kufuatwa ni vitu viwili. Constitution Hall ya Washington, ndo ile iliyomkataa Marian 1939, ilikuwa mali ya chama cha wanawake, Daughters of the American Revolution, walioijenga 1929, na kwenye mikataba yao waliweka kifungu kwamba wanaopanda jukwaani ni wasanii weupe tu, katikati ya mji ambao ubaguzi ulikuwa ndo utaratibu wa kila siku mpaka mashuleni.

Sasa shika hapa, maana ndo pointi yangu kubwa ya leo. Opera lazima uajiriwe. Kuna mkurugenzi, kuna kamati, kuna matajiri wanaochangia, wote hao wakisema hapana umekwama hata uwe na sauti ya mbinguni. Onyesho la peke yako kwenye ukumbi wa kukodi halikuulizi hivyo, ni wewe, mpiga piano wako, meneja wako na watu waliokata tiketi. Ndiyo maana waimbaji weusi wa klasiki kizazi kizima walijengea maisha yao kwenye maonyesho ya aina hiyo. Ukitaka kuona ukubwa wa jambo hili angalia ramani ya Manhattan, jengo la zamani la Metropolitan Opera, kampuni kubwa ya opera ya mji huo, lilikuwa Broadway na 39th Street, Carnegie ipo 57th, ni mitaa 18 tu, unatembea kwa mguu. Marian kaimba Carnegie 1928 na kaingia Metropolitan Opera Januari 7, 1955, kama Ulrica kwenye opera ya Verdi ya Un ballo in maschera, mweusi wa kwanza kupewa nafasi ya kuimba mwenyewe kama mhusika pale. Miaka 26 kutembea mitaa 18! Alikuwa na umri wa miaka 57, sauti imeshaanza kuchoka. Watu husherehekea ile siku ya 1955, sawa, nami nafurahi, ila mimi kila nikiifikiria najiuliza sana tulikosa nini, Azucena yake, Dalila yake, zile nafasi kubwa za opera za miaka yake ya nguvu ambazo hatutazisikia kamwe.

SWALI: Samahani, wakati huo kulikuwa na maiki? Ukumbi wa watu karibu elfu tatu mtu mmoja na piano anasikikaje mpaka nyuma? Sisi kanisani bila spika hata safu ya sita hawasikii.

JIBU: Hakuna maiki. Muziki wa klasiki wa aina hii mpaka leo unaimbwa hivyohivyo. Mambo mawili yanafanya kazi pamoja, koo na jengo.

Tuanze na jengo. Carnegie Hall ilifunguliwa Mei 5, 1891, Tchaikovsky mwenyewe akiwa kati ya makondakta wa wiki ile ya ufunguzi, hela ni za tajiri wa chuma Andrew Carnegie, na mchoraji ramani ni William Tuthill ambaye alikuwa anapiga selo, yaani alikuwa mwanamuziki kabla hajaushika huo mchoro. Aliijenga kwa kuta nene za tofali na mawe, ndani kuta zimepinda, dari la juu limekunjwa kama kuba, hakuna mapambo mengi yaliyotokeza wala mapazia mazito ya kunyonya sauti, kwa hiyo sauti ikitoka jukwaani inagonga sehemu ngumu nyororo na kurudi kwa watu imeenea badala ya kupotelea pembeni. Viti vya ukumbi mkubwa ni karibu 2,800 kwenye ngazi tano, na wale wa balkoni ya juu kabisa, tiketi za bei ndogo, wanapanda ngazi mpaka wanahema lakini sauti inawafikia vizuri mno, wengine wanasema kuliko wa chini. Kanisa lenu pengine lina bati juu na madirisha wazi pande zote, sauti inatoka nje, siyo kosa lenu.

Koo sasa. Marian alikuwa kontralto, sauti ya kike iliyo chini kuliko zote, na ni adimu. Yeye alikuwa anashuka mpaka sehemu ambazo wanaume wa sauti ya tatu wanaanza kuhangaika, halafu anapanda juu kama soprano bila kukuonyesha mahali alipobadilisha. Sauti isiyotumia maiki haisafiri kwa kupiga kelele, ukipiga kelele inakufa njiani, inasafiri kwa pumzi iliyoshikwa vizuri chini ya mbavu na kwa kuiacha ilie kwenye mifupa ya uso, na hilo ni zoezi la miaka, ndo kazi aliyofanya Boghetti. Wimbo wa mtunzi Schubert uitwao Der Tod und das Mädchen, Kifo na Msichana, una watu wawili ndani yake, msichana anaomba aachwe na Kifo kinamjibu kwa upole, na noti ya mwisho ya Kifo inaweza kushushwa mpaka D ya chini. Marian alikuwa anaishusha. Fikiria hiyo noti polepole kwenye ukumbi ule.

Na alikuwa haringi jukwaani. Anasimama karibu na piano, mikono mbele, macho amefumba, anaimba. Hakuna kutembeatembea wala kurusha mikono. Ndiyo maana nadhani kumbi za aina ya Carnegie zilimfaa mno, jengo lilikuwa linamfanyia kazi ya kufika kwa watu.

SWALI: Dada mimi sitaki kuficha, inanikera. Kama New York alikuwa anajaza ukumbi, kwa nini 1939 asiachane tu na hao wa Washington akaendelea na Carnegie yake? Kujidhalilisha kwa nini? Na mbona alikuwa mpole hivyo, anaimba Kijerumani cha wazungu wakati ndugu zake wanateswa?

JIBU: Kaka nakuelewa, na wapo watu weusi Marekani waliomuuliza hivyohivyo enzi zake, hujakosea kuuliza. Ila nitakubishia.

Kwanza yeye hakwenda kuomba Constitution Hall. Walioomba ni Howard University, chuo cha watu weusi hapo Washington, waliokuwa wanamwalika kila mwaka na kila mwaka watu wanaongezeka mpaka sehemu walizozoea kutumia hazitoshi. Watu wa Washington walikuwa na haki ya kumsikia kwao, siyo lazima wapande treni waende New York. Meneja wake Sol Hurok akashupalia, Walter White wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, akaingia, mke wa Rais, Eleanor Roosevelt, akajiuzulu uanachama wa kile chama na kuandika hadharani, waziri Harold Ickes akatoa kibali cha kutumia Lincoln Memorial, na Jumapili ya Pasaka, Aprili 9, 1939, wakaja watu 75,000 na mamilioni wakasikiliza kwa redio. Marian mwenyewe alikuwa na hofu kubwa siku ile, usiku wa kuamkia alimpigia simu Hurok kuuliza kama kweli lazima aende. Akaenda. Akaanza na wimbo wa nchi yake, America, ile nchi iliyomfungia mlango.

Halafu hakuacha. Januari 1943 aliimba ndani ya Constitution Hall yenyewe, onyesho la kuchangia misaada ya vita, kwa sharti kwamba watazamaji wasitenganishwe kwa rangi. Huo siyo upole wa kukubali kila kitu kaka.

Na kuhusu kuvumilia, uliza maisha yake barabarani yalikuwaje. Anajaza ukumbi usiku, hoteli ya mji huohuo hawampi chumba. Mwaka 1937 huko Princeton hoteli ilimkataa, Albert Einstein akamchukua akalala nyumbani kwake, na wakabaki marafiki. Kusini mwa nchi ambako weusi walikuwa wanasukumwa kwenye balkoni, yeye alidai viti vigawanywe kutoka juu hadi chini, yaani kila sehemu ya ukumbi kuanzia viti vya mbele kuwe na nafasi za watu weusi, na kufikia 1950 hivi akasema ukumbi unaotenganisha watu haimbi tena, kwisha. Kuna waliomlaumu kwamba alichelewa kufika hapo na mimi sitasema hawana hoja. Lakini ujue mapato yote yalitegemea hizo safari, yake, ya mama yake, ya dada zake.

Hicho Kijerumani sasa. Alitukanwa kwa Kijerumani chake akiwa kijana, akaenda akajifunza mpaka Wajerumani wenyewe wakanyamaza, mimi naona ni ushindi ule. Na hakuwahi kuacha vya kwao. Programu yake ilikuwa na mpangilio, Handel au Scarlatti mwanzo, katikati Schubert na Brahms, pengine Sibelius, na mwisho nyimbo za kiroho za watu weusi, zilizotungwa na watumwa mashambani, zimewekewa piano na watunzi weusi kama Harry Burleigh na Florence Price. Kwenye jukwaa lilelile la Carnegie, na uzito uleule, hakuziimba kama kionjo cha kuchekesha watu. Hilo ni jambo kubwa, wengi kabla yake walizoea kuzisikia kwenye maonyesho ya kuwadhihaki weusi.

SWALI: Sehemu moja nimeona kazaliwa 1897 nyingine 1902, ipi sahihi?

JIBU: 1897. Yeye alikuwa anatoa mwaka wa baadaye, kwa hiyo Februari 27, 1977 Carnegie Hall palipofanyika tamasha kubwa la kumpongeza kwa kutimiza miaka 75, kihalisi alikuwa ametimiza 80! Cheti cha kuzaliwa kilikuja kuweka mambo sawa. Waimbaji wa kike kupunguza umri lilikuwa jambo la kawaida kabisa kwenye biashara ile, na kwa mtu aliyecheleweshwa na wengine miaka yote hiyo, mimi simlaumu hata kidogo.

SWALI: Kwa nini alichagua kuagia pale? Na ni kweli Carnegie Hall ilitaka kubomolewa?

JIBU: Kweli kabisa, na ingebomolewa hii habari isingekuwa na mwisho wake. Miaka ya 1950 New York Philharmonic, mpangaji mkubwa wa pale, waliamua kuhamia Lincoln Center, kituo kipya cha sanaa kilichokuwa kinajengwa, mwenye jengo akaona bora auze kiwanja, kukatolewa mchoro wa ghorofa refu la ofisi la rangi nyekundu. Mpiga violini Isaac Stern akakusanya watu, wakapiga kelele mpaka sheria maalum ikapitishwa, na 1960 jiji la New York likalinunua jengo kwa dola milioni 5. Liliokoka kwa miezi tu.

Safari ya Marian ya kuaga ilipangwa kwa akili sana. Ilianza Oktoba 24, 1964, wapi? Constitution Hall, Washington, kwa wale waliomkataa. Akazunguka nchi nzima miezi karibu sita na mpiga piano wake Franz Rupp, mhamiaji wa Kijerumani aliyekuwa naye toka 1940, na akamalizia Carnegie Hall Aprili 18, 1965, ambayo ilikuwa Jumapili ya Pasaka kama ile ya 1939. Sijaona mahali palipoandikwa kwamba alikusudia kulinganisha hizo kumbi mbili, ila msanii wa ngazi yake hawekewi ratiba ya kuaga bila kuulizwa, na mimi naisoma hivi: alianzia mlango uliofungwa, akaishia nyumbani. Alikuwa na miaka 68.

Baada ya hapo aliishi shambani kwake Danbury, Connecticut, mara mojamoja anatokea kusoma maneno ya Lincoln kwenye kazi ya mtunzi Aaron Copland, wakati mwingine kondakta akiwa mtoto wa dada yake, James DePreist. Alifariki Aprili 8, 1993 huko Portland, Oregon, nyumbani kwa huyohuyo DePreist. Juni mwaka ule watu kama 2,000 wakakusanyika kumkumbuka, na bila shaka unajua ni wapi.

SWALI: Mimi sijawahi kusikiliza muziki huu, naogopa nitasinzia. Nianzie wapi?

JIBU: Usianze na opera. Anza na Deep River au He's Got the Whole World in His Hands, ni fupi, na kama umekulia kanisani utajikuta unaitikia. Kisha nenda Ave Maria ya Schubert aliyoimba Lincoln Memorial, ipo kwenye filamu za habari za siku ile, utamwona kabisa na koti lake la manyoya maana kulikuwa na baridi. Ukishamzoea ndo uingie Der Tod und das Mädchen, na kabla ya kusikiliza tafuta tafsiri ya maneno, ni mistari minane tu, bila hiyo hutajua kwa nini sauti inabadilika ghafla katikati. Tumia hedifoni, siyo spika ya simu, spika ya simu inakata sauti za chini na hizo ndo utajiri wake wote. Rekodi za miaka ya 1930 na 1940 zina mikwaruzo, zivumilie, sauti yenyewe ilikuwa kwenye kilele. Halafu msikilize Leontyne Price, Jessye Norman na Shirley Verrett, na uniandikie nani umempenda, toleo lijalo nitawachukua hao.